Siku Tuliyoifunga Pikipiki ya Baba

Mume wangu aliacha udereva wa watalii akiwa na mgongo mbovu, Kiingereza kizuri na wazo moja. Wazo lenyewe alilipata kwa mgeni fulani aliyemwonyesha kwenye simu picha ya trela ambayo nusu yake ni chumba cha kulala na nusu ni banda la pikipiki. Unaipandisha pikipiki kwa nyuma, unaifunga, unakwenda unakotaka, na ukifika unalala humo humo pembeni yake. Mwanaume mwingine angesema picha nzuri na kurudisha simu. Wangu alikwenda Daraja Mbili kwa fundi wa kuchomelea, akashinda huko msimu mzima wa mvua, na kiangazi kilipoingia akarudi nyumbani akivuta nyumba ya bati yenye magurudumu.

Sisemi kwamba ni mbaya. Ina kitanda kinachokunjwa ukutani, ina jiko dogo la gesi, na mlango wake wa nyuma hushushwa hadi chini ukawa daraja la kupandishia. Sakafuni kuna pete za chuma za kufungia mikanda. Wanaoikodi ni vijana wenye pikipiki za kurukia matuta na makoti ya kung'aa, wanaotaka kuzunguka mlima bila kuchoka kabla ya kuanza kuuzunguka. Majirani waliiita gesti ya pikipiki tangu siku ya kwanza, na mimi nikiulizwa mume wangu anafanya kazi gani hujibu kwamba analaza pikipiki za watu. Yeye hacheki sana. Ni Mwarusha wa Oldonyo Sambu, amekulia nyuma ya ng'ombe, na anaamini kabisa kwamba mtu anayejua kupakia ng'ombe kwenye lori anaweza kupakia kitu chochote duniani.

Mimi ni Mmeru wa Nkoaranga. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, na miaka yote ya utumishi wake alipanda na kushuka vilima vya usharika kwa pikipiki nyekundu, akizika, akiombea wagonjwa na kusuluhisha ndoa za watu. Alipostaafu, pikipiki haikustaafu. Aliendelea kwenda nayo shambani kuangalia kahawa, kwenda hospitali kusalimia wagonjwa wasiomjua, na kwenda kunywa chai kwa rafiki yake ng'ambo ya korongo, mahali ambapo kwa miguu unafika ukiwa huna pumzi ya kusema hodi. Aliipenda vibaya. Mama alikuwa akisema kwamba yeye aliolewa mke mkubwa lakini akageuzwa mdogo siku ile chombo kilipoingia uani.

Masika moja kijia kiliteleza, wakaingia wote wawili katikati ya mibuni, baba chini na chombo juu. Mfupa wa bega ulivunjika. Alimweleza daktari kwamba mibuni ilikuwa imesogea njiani. Bega lilipounga akapanda tena, akaanguka tena, na safari hii akaficha. Alijifungia chumbani akisema anafunga na kuomba, mpaka mama alipoingia na uji akamkuta anajikanda goti kwa maji ya moto.

Habari ikafika kwenye kundi la familia la WhatsApp, ambako kaka zangu wawili, mmoja wa Dar es Salaam na mwingine wa Dodoma, ni mashujaa wakubwa. Waliandika mambo mazito. Baba asipande tena. Chombo kiondolewe nyumbani kabisa, kipelekwe mjini ninakoishi na mume wangu, maana kikibaki pale hata bila funguo atakisukuma hadi mteremkoni na kukiachia. Mama aliweka alama ya mikono inayosali. Ilipofika zamu ya kuuliza nani aende kukichukua, kundi likawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mimi ni wa kwanza kuzaliwa, na ukubwa ni jalala. Kaka wa Dodoma alinifariji kwamba baba ananipenda mimi zaidi, na zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Mama hajawahi kumficha baba neno zaidi ya saa moja, kwa hiyo jioni ile ile baba akanipigia. Hakufoka. Aliniuliza hali ya watoto, akaniuliza hali ya mvua mjini, kisha akasema, "Mama, atakayekuja kuichukua pikipiki yangu aje tu. Ila akishaichukua, asinisalimie tena."

Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na akiniita hivyo huwa naweza kumpa hata figo. Lakini nilijua hatanii. Alikwisha kununiana na mdogo wake wa tumbo moja kwa ajili ya mpaka wa shamba, watu wazima wote wawili, wakawa wanaketi kanisani benchi moja bila kugeuziana shingo, na ilichukua miaka kuisha. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua: baba mzima asiyepokea salamu yangu, au baba anayeipokea vizuri kabisa mpaka siku atakapookotwa korongoni. Sikulala vizuri wiki ile. Mume wangu alilala. Alikuwa amekwisha kupima kwa macho na kusema itaingia kwenye trela bila shida.

Tulipanda Nkoaranga Jumamosi asubuhi, trela likigonga kila jiwe nyuma yetu. Tulimkuta baba amesimama uani amevaa koti lake la ibada na kofia, kama mtu anayengoja maiti ifike. Pikipiki ilikuwa pembeni yake, imeoshwa na kupakwa mafuta mpaka tairi zinang'aa. Tulimwamkia. Mimi aliniitikia marahaba ndefu, yenye huzuni, na nikaelewa kwamba ananionjesha kitu ninachokwenda kukikosa.

Tukanywa chai. Halafu baba akatoa msimamo wake. Alisema hakatai. Ameshindwa na watoto wake, na mtu aliyeshindwa hakatai. Ila chombo chake hakitatoka pale kikiwa kimefungwa kama mbuzi wa mnada. Kifungwe vizuri, aridhike mwenyewe kwa macho yake, ndipo kiondoke. Mume wangu alifurahi, akasema hilo ndilo hasa analolitaka. Maskini ya Mungu, alidhani amepata mteja anayejali kazi. Mimi niliyelelewa na mzee huyo nilimwona akitupia jicho juu mlimani, wingu lilikokuwa limeanza kukaa, na nikajua hesabu yake. Mvua ikinyesha, trela halishuki kile kijia. Kazi yake ilikuwa kutafuta kasoro mpaka mvua ije.

Alianza na kupandisha. Alitaka aipandishe mwenyewe kwenye trela, tena akiwa ameikalia. Mama, ambaye kwenye simu alikuwa na maoni mengi na mbele ya mumewe hakuwa na hata moja, alisema neno moja tu, bega, akaingia jikoni. Baba akakubali aipandishe mkwewe, ila akasimama pembeni ya ule mlango wa nyuma kama mzee wa kanisa kwenye sahani ya sadaka. Mume wangu aliiwasha, akaitia gia ya kwanza, akatembea kando yake akiizuia kwa breki, na kwa mazoea ya kwao akawa anaitolea sauti za taratibu za kupandishia ng'ombe, zile za kupumua kwa meno.

"Mkwe," baba akamwambia, "hiyo haina masikio."

Mume wangu, kwa heshima ya ukwe, alisema ndiyo baba, akaendelea kuisemesha. Ikapanda vizuri mno. Gurudumu la mbele likaingia kwenye kile chuma cha kulizuia lisisogee, baba akachomoa ufunguo akautia mfukoni, akakitazama kitanda kilichokunjwa ukutani, akasema chombo chake kimepata kitanda cha sponji kabla ya mwenyewe. Kisha akauliza mbona stendi imekunjwa. Alitaka isimame kwa miguu yake yenyewe, kama ilivyozoea. Mume wangu alieleza kwa upole kwamba pikipiki ikiachwa kwenye stendi ndani ya trela, kila shimo la barabarani huipindisha stendi hiyo mpaka ikavunjika, na kwamba inatakiwa isimame wima kwa nguvu ya mikanda tu. Baba akamwomba arudie kueleza. Akaeleza tena. Wingu likashuka kidogo.

Ikaja mikanda. Miwili ya mbele hutoka kwenye usukani kwenda sakafuni, mmoja kila upande, na hukazwa mpaka shokapu za mbele zinywee, pikipiki ikae kama mtu aliyeinama kuchukua kitu. Miwili ya nyuma huizuia isitupe mgongo. Mume wangu alipoanza kukaza, baba alisema anaikaba. Alisema ilegezwe ipumue, safari ni ndefu. Hapo mkwe akasahau kidogo ukwe wake, akasema kwamba kwenye lori la mnada ng'ombe anayeanguka ni yule aliyepewa nafasi, wale waliobanana hufika wamesimama wote. Baba aliwaza. Nilimwona kabisa anatafuta pa kuishika ile hoja na kukosa. Akasema kwa Waarusha huenda ni hivyo, lakini Mmeru ng'ombe wake hakai kwenye lori, anakaa zizini analetewa majani. Mume wangu akasema ndiyo maana ng'ombe wa Meru hawajui hata kutembea. Wakacheka wote wawili, na kwa dakika moja nilitamani tubaki hivyo hivyo mpaka jioni tukicheka, tusahau tulichokuja kufanya.

Lakini ule mkanda wa kushoto uligusa tangi.

Baba aliuona kabla haujakazwa. Alisema utakwangua rangi. Na hapo, lazima niseme, alikuwa na haki, kwa sababu mkanda mkavu ukisuguana na tangi kutoka Nkoaranga hadi mjini huacha kovu, na mume wangu mwenyewe huweka kitambaa kila mara. Huweka blanketi la kile kitanda. Blanketi siku hiyo lilikuwa kwenye kamba ya nguo nyumbani kwetu, nimelifua mimi. Alinitazama, nikamwambia asinitazame.

Likaletwa gunia. Baba akalipitisha kiganjani, akasema gunia na msasa ni ndugu. Mume wangu akavua koti lake. Baba akaonyesha zipu. Nikamwomba mama khanga ya zamani, mama akasema khanga zake hazina safari ya mjini peke yao, na sikujua kama anamsaidia mumewe au ni uchoyo wa kawaida. Majani makavu ya mgomba yalivunjika mkononi. Mabichi ndiyo kabisa, maana utomvu wa mgomba ukikauka kwenye kitu huutoi tena, kila shati la shule nililowahi kuvaa linaweza kutoa ushahidi. Baba alitingisha kichwa kwa masikitiko makubwa. Alisema basi labda tuje siku nyingine tukiwa tumejiandaa. Kwa mbali ngurumo ikaitikia, na yeye akaangalia chini asionekane anavyofurahi. Akasema anaingia ndani kutafuta ufunguo, akajipapasa mfuko wa koti ambamo nilikuwa nausikia ukilia, akaingia.

Mume wangu si mtu wa kukata tamaa mbele ya mzigo. Alichukua panga, akasema lazima kuna jani lisilo na utomvu katika shamba lote hili la kijani, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimfuata hadi kwenye kona. Nikamwona anapita mparachichi, anapita mibuni, analishika jani moja moja na kulivunja na kulitazama, hadi alipofika mwisho wa uwanja, kwenye mstari wa mpaka. Akavunja jani refu, pana, gumu. Akalikunja, halikuvunjika. Akalifuta kwenye mkono wa shati, halikuacha alama. Akatabasamu peke yake, akaanza kukata.

Lilikuwa sale.

Kwa mtu wa Oldonyo Sambu, upande mkavu wa mlima, sale ni mmea tu wa mpakani huku kwa wakwe zake. Kwetu si hivyo. Ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayalibebi, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Huhitaji kueleza. Akishaliona anajua unaomba msamaha, na sale halikataliwi. Mtu anaweza kukataa barua, kukataa wazee, kukataa hata mchungaji, lakini anayekataa sale anajitakia mabaya yeye na watoto wake. Ule ugomvi wa baba na mdogo wake haukumalizwa na benchi la kanisa. Ulimalizwa asubuhi moja baba mdogo alipoingia uani ameshika jani mkononi, na baba yangu, mwinjilisti, aliyehubiri kwamba imani yetu haiko kwenye majani, akatoka nje bila viatu kumpokea.

Nilifungua mdomo nimwite mume wangu. Ilikuwa kazi ya neno moja, angeyatupa chini na kutafuta jani jingine, na mvua ingetukuta palepale. Nilisimama na mdomo wazi hivyo kwa muda. Kisha nikaufunga, nikarudi uani mbele yake, nikajifanya nakagua tairi za trela.

Akarudi na bunda zima. Akayatandika chini ya mkanda, mawili mawili kila upande wa tangi, na kwa sababu ni mtu wa kazi safi, akaona upepo utayachomoa. Basi akalifunga kila jani fundo kwenye mkanda. Mama alitoka jikoni na chupa ya chai, akafika kwenye mlango wa trela, akaona. Akaiweka chupa chini taratibu sana. Akanitazama mimi, si yeye. Mimi nikautazama mlima.

Baba akatoka na ufunguo wake. Alikuwa na kasoro nyingine tayari, niliiona usoni, alikuja amekwisha kuinua kidole. Akaingia kwenye trela, kidole kikabaki juu. Alisimama hapo kwa muda mrefu hata mume wangu akaanza kuwa na wasiwasi na kazi yake. Kisha baba akavua kofia.

"Nani ameyaweka haya?"

"Mimi, baba," mume wangu akasema, kifua mbele. "Hayana utomvu."

"Ndiyo," baba akasema. "Hayana."

Alilishika fundo moja kwa vidole viwili, hakulifungua. Akapitisha mkono juu ya tangi, juu ya kiti, mpaka kwenye taa ya nyuma, kama anavyompapasa mtoto kichwani akimbariki. Nilidhani ataomba, na baba akisema tuombe, anayemfahamu hutafuta pa kuegemea. Aliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia, ya safari tu, akasema amina kabla mama hajafumba macho vizuri. Akampa mume wangu ufunguo mkononi, kwa mikono yake miwili. Akasema imefungwa vizuri, na kwamba hajawahi kuona chombo kimefungwa vizuri hivyo. Mume wangu aliinama kwa furaha, akaanza kumweleza tena habari za shokapu, na baba akamsikiliza mpaka mwisho bila kumpinga hata kidogo. Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa upindo wa khanga, na sijui hadi leo kama alikuwa anacheka au analia.

Tukafunga mlango wa nyuma. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanza kudondoka kwenye bati, lakini tulikuwa na muda wa kushuka. Mume wangu akawasha gari. Baba akaja upande wangu, akagonga kioo, nikashusha. Aliongea Kimeru, lugha ambayo mume wangu, pamoja na miaka yote ya kuoa kwetu, anajua maneno ya chakula tu.

"Mumeo hajui alichokifunga mle," akasema. "Wewe unajua. Nilikuwa dirishani, nimekuona unafungua mdomo, ukaufunga."

Nilitaka kusema ni kwa sababu naogopa, kwamba kila simu ya mama ikiita naliona lile korongo kabla ya kupokea. Nilibaki nimeshika kioo tu.

"Basi aliyeniomba ni wewe," baba akasema. "Nimesamehe, mama. Mkifika nipigie."

Akaweka kofia yake kichwani na kurudi barazani. Aliiendea polepole, akishika ukuta, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa anatembea akiwa hana pikipiki ya kuegemea.

Nililia kuteremka kijia chote, nililia tulipoipita hospitali, na tuliposhika lami nilikuwa bado nalia. Mume wangu alinitazama, akatazama kioo cha nyuma, akanitazama tena. Akapunguza mwendo, akaniwekea mkono wake gotini, akaniambia nisiwe na wasiwasi, ameikaza mwenyewe, haiwezi kuanguka.